Mende wa Prefe

Sijawahi kuona mtu msafi kama Prefe akishika uchafu mwingi kama ule. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi ya makaa hadi mikono yake ilisimama yenyewe. Kucha zake zilikuwa fupi. Viatu vyake viling'aa hata wakati wa matope, na matope ya mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, hayachagui mtu. Na mbele yake, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kulikuwa na chupa iliyojaa mende. Walikuwa wazima, wanapandana, wanapapasa kioo kwa vile vinywele vyao virefu. Kando yake chupa nyingine, mende wafu. Kando yake tena chupa ya tatu, mende waliokaa siku kumi ndani ya kanyanga, pombe ile kali inayochemshwa vijijini: maji yamekuwa na rangi ya chai iliyolala, mabawa yanaelea juu, na harufu ninayoisikia hata leo nikiandika.

Aliiinua ile ya tatu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa upendo.

"Hii," akaniambia, "njo pumuzi ya bantu." Yaani, ndiyo pumzi ya watu.

Nikatoka nje, nikatapika kwenye mihogo yake.

Kwetu mkuu wa shule ya sekondari anaitwa prefe, na mtu akishaitwa hivyo, jina halimtoki tena. Huyu alikuwa ameacha shule miaka mingi, lakini hata watoto ambao hawakuwahi kumwona na chaki walimwita Prefe. Mimi alinifundisha kemia. Leo mimi ni muuguzi wa kituo cha afya hapa Baraka, na bila yeye nisingekuwa. Nasema hilo mapema ili nisidaiwe shukrani baadaye, maana siandiki kumsifu.

Dawa zake ziliitwa omeopatia. Neno hilo alilitamka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Alikuwa amelipata Uvira, kwenye mafunzo ya siku tatu, kutoka kwa mgeni mmoja aliyewaachia washiriki kijitabu cha kurudufiwa na mkebe wa vidonge vidogo vitamu, vya ukubwa wa mbegu ya mchicha. Maana yake, alivyotueleza, ni hii: kitu kinachomwumiza mtu mzima kikiwa kingi, kinamponya mgonjwa kikiwa kidogo. Kitunguu kinatoa machozi, basi kitunguu kitatibu mafua ya machozi. Nyuki anavimbisha, basi nyuki atatibu uvimbe. Unachukua kitu, unakiloweka katika pombe, unatoa tone moja, unalitia katika matone tisini na tisa ya maji, unatikisa. Unatoa tena tone moja katika hayo, unalitia katika maji mengine. Tena. Tena. Mpaka mara thelathini. Na kadiri unavyopunguza, wanasema, ndivyo dawa inavyopata nguvu.

Vidonge vya mgeni vilikwisha kabla ya mvua za kwanza. Mtu mwingine angeishia hapo. Prefe akasoma kijitabu upya, akaona kwamba vitu vyote vinavyotajwa mle vinatoka ardhini, majini na katika wanyama, na akasema Mungu hakuumba Ulaya peke yake. Kijitabu kilitaka gamba la chaza wa baharini. Akaokota magamba ya konokono wa ziwa kule Lweba, akayasaga. Kilitaka sumu ya nyoka fulani wa Amerika. Wachimba dhahabu wa Lulimba wakamletea fira, kichwa kimepondwa, ndani ya mfuko wa unga, siku mbili juani. Kilitaka mende wa kwao. Kuhusu mende, alisema, hatuna haja ya kuomba kwa mtu.

Nilikuwa nikimtembelea karibu kila Jumapili, kwa heshima ya mwalimu, na kila Jumapili alinionyesha kitu. Chura aliyebanikwa akakauka, akasagwa katika kinu kilekile cha pilipili. Kunguni waliotolewa kwenye kitanda cha mjane mmoja, ambaye alijisikia amepewa heshima. Maziwa ya mbwa. Ndiyo, ya mbwa: alimkamua jike wa jirani, yule mwenye madoadoa aliyezalia nyuma ya choo, Prefe akiwa amevaa tai shingoni. Tai ilikuwa ya buluu.

Lakini kilichonishinda kabisa ni upele. Kijitabu kina dawa inayotengenezwa kwa uchafu unaotoka kwenye kidonda cha upele. Prefe alikuwa na wembe mpya, kitambaa safi na kisahani cha kahawa. Mama mmoja alikuja kwa kuwashwa, mikono imejaa, katikati ya vidole kumechimbika. Akamkwangua taratibu, akimpulizia ili asiumie, akizungumza naye habari za shamba, hadi kisahani kikawa na kitu cha njano chenye damu kidogo. Akakimimina ndani ya kanyanga. Akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akakausha kidole kwa kidole, kisha akanikaribisha mkate.

"Prefe, hii watu watakunywa?"

"Hawatakunywa hii. Watakunywa kumbukumbu yake."

"Mi nasikia kutapika."

"Kutapika ni ya batoto, Sifa. Siyansi haitapikaka."

Kutikisa kulikuwa na sheria yake. Kijitabu kilisema kila mara unapopunguza, lazima ugonge kichupa mara mia juu ya kitu kigumu lakini kinachonesa, kama kitabu chenye jalada la ngozi. Biblia ya Prefe ilikuwa na jalada la ngozi, lakini alikuwa mzee wa kanisa, hakuthubutu. Akavua kiatu. Alikaa barazani, mguu mmoja na soksi, kiatu kimelala chali juu ya paja, na akagonga kichupa juu ya soli. Kiatu kilekile kilichoingia chooni, sokoni, na kwenye mwalo wanapomwaga matumbo ya samaki. Pwa, pwa, pwa, mara mia, akihesabu kwa Kifaransa. Majirani walizoea kama watu wanavyozoea kinu. Mkewe peke yake hakuzoea. Alihamishia jiko lake upande wa pili wa nyumba, na sikuwahi kumwona akionja tone.

Maji yalikuwa ya mvua, kutoka kwenye bati. Kiangazi yalikuwa ya ziwa, akiyachuja kwa leso. Niliwahi kumwambia kwamba mji huu unajua kipindupindu kinavyofika, na kwamba kituoni tunapiga kelele mwaka mzima: chemsha, chemsha. Akaniangalia kwa masikitiko. Maji yakichemshwa, alisema, yanasahau.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na afadhali niieleze. Mtu huyuhuyu, katika darasa la nne la sekondari, alileta glasi sita na kichupa cha wino. Akatia tone moja la wino katika glasi ya kwanza, maji yakawa buluu. Akachukua tone la pale, akalitia katika ya pili. Akaendelea. Katika ya tano tulikuwa tunabishana kama bado tunaona rangi au tunajidanganya. Katika ya sita hakukuwa na kitu. Akatuuliza, "Wino iko wapi?" Akageuka ubaoni, akatufanyia hesabu ya chembe, namba ndefu kuliko ubao, akatuonyesha kwamba ukipunguza mara kadhaa tu kwa namna ile, hata chembe moja haibaki. "Hapa," akasema akigonga chaki, "muko na maji. Mutu akiwauliza, museme: ni maji." Niliandika sentensi hiyo katika daftari na kuipigia mstari. Nilimpenda siku ile. Nilikuwa nimetoka katika nyumba ambamo kila ugonjwa ulikuwa na jicho la jirani nyuma yake, na hapa palikuwa na mtu mzima aliyesema kitu kipo au hakipo, na anaweza kukuonyesha.

Sasa aliwatolea wagonjwa glasi zilezile, wino uleule, akafika ile ya sita, akawauliza wino uko wapi. Kisha akawaambia kwamba sasa ndipo umeanza kufanya kazi.

Watu wa hapa si wajinga, ila wakipewa kanuni wanaifuata hadi mwisho wake. Mama mmoja wa sokoni, kichupa kilipokwisha, alikijaza maji tena na kukigonga kwa kandambili, kwa kuwa kilichobaki ndani ni kidogo zaidi, kwa hiyo kikali zaidi. Alifanya hivyo mara nne. Mara ya tano akaogopa, akaona dawa imekuwa kali mno kwa mtoto, akaja kuuliza kama azimue kwa kuongeza tone la ile ya kwanza. Nilipomsimulia Prefe nilitegemea acheke. Hakucheka. Akafikiri, akasema mama yule ameelewa somo kuliko wanafunzi wengi.

Nikiwa mkweli, na sipendi kuwa mkweli hapa, kulikuwa na jambo alilolifanya vizuri kuliko sisi. Alisikiliza. Kituoni mgonjwa anakaa mbele yangu, nashika fishi, kadi yake, namwuliza kinauma wapi na tangu lini, na kalamu imeshaandika kabla hajamaliza. Wanaongoja nje wamejaa benchi na wengine wameketi chini. Prefe alikuuliza unalalia ubavu gani. Unaota maji au moto? Ukilia, unataka watu au unataka peke yako? Chumvi unaipenda? Alikuwa na mgonjwa mmoja wa Makobola, mwanamke wa makamo ambaye vita ilimmalizia wa kwao wote siku moja. Hakuwa akilala. Sisi tulimpa vidonge, akavitapika. Prefe alikaa naye asubuhi nzima, barazani, bila kuandika. Kisha akampa chumvi: chumvi ya kawaida ya jikoni, imepunguzwa mara thelathini, ya huzuni iliyokauka. Mwanamke yule akalala. Aliniambia mwenyewe, sokoni, ameshika fungu la sombe, majani ya mihogo. Najua kilichomlaza si chumvi, lakini pia najua kwamba sikumuuliza swali hata moja kati ya yale.

Na benchi lake lilikuwa na ajabu yake. Wakati ambapo watu wa ziwa na wafugaji wa milimani hawakusalimiana njiani, kwa Prefe walikaa bega kwa bega wakingoja maji. Mzee mmoja wa milimani alishuka na fimbo yake na kofia, akakaa kati ya wavuvi wawili Wabembe, na wote watatu wakawa wanaeleza ndoto zao. Aliyejaribu kuleta maneno, Prefe alimwonyesha njia. "Hapa ugonjwa haina kabila," alisema. "Ukitaka kabila, enda ku barabara." Hilo namwachia. Ni lake.

Pia hakupokea kitu. Ungemletea kuku, angemrudisha na salamu. Hilo watu walilihesabu kuwa utakatifu. Mimi nililiona balaa. Mwizi unaweza kumshtaki. Laghai unaweza kumngoja anaswe na tamaa yake. Lakini huyu alikuwa amekaa pale na shati jeupe, anagawa maji bure, kwa upole, na ukisema neno baya wewe ndiwe mwenye wivu. Waganga wa kienyeji aliwachukia kuliko nilivyowachukia mimi. Mtu akimwita munganga alimkatiza: "Mi si munganga. Munganga anakudanganya." Alikuwa na misemo mingine, ameipanga kama vichupa vyake. Tone halina haraka. Mwili ni mwanafunzi, usiupige. Kila mwezi alipanda gari kwenda Fizi, kule juu, na alirudi na majani machache katika mfuko, na kila aliyemkuta stendi alimwambia amefuata dawa mlimani.

Sasa Mama.

Mama ana pumu. Nasema ana, ulimi umezoea. Alikuwa nayo tangu mimi mdogo, na kazi yake ilikuwa kuanika ndagala, dagaa wa ziwa, mchangani na kuwageuza, vumbi lile la magamba na mchanga linamwingia kifuani siku nzima, kisha moshi wa jiko jioni. Nilipoanza kazi, kitu cha kwanza nilichomletea si kitenge, ni pompe, ile ya buluu ya kuvuta dawa kwa mdomo. Nilimfundisha kuipuliza na kushika pumzi. Ilimpa miaka. Alikuwa akiiweka ndani ya sidiria, na msimu wa upepo nilimsikia akiivuta upande wa pili wa ukuta, nikalala.

Mende wa Prefe ni wa pumu. Ndivyo kijitabu kisemavyo. Mama alikwenda kwake bila kuniambia, na siwezi kusema alidanganywa na mtu asiyemjua: alikuwa prefe wa binti yake, mzee wa kanisa lake, mtu aliyenitoa mchangani akaniweka katika koti jeupe. Kama yeye si wa kuaminiwa, basi nani? Akaulizwa ndoto zake. Akapewa kichupa. Na Prefe, kwa sauti ileile ya darasani, akamwambia kwamba pompe na matone haviketi nyumba moja. "Pompe inafukuza matone, Mama Sifa. Chagua moja."

Mama akachagua.

Nilipojua, pompe ilikuwa imeshafungwa ndani ya gazeti na kuwekwa juu ya kabati, na tone la mende lilikuwa limetiwa ndani ya bidoni ya maji ya kunywa ya nyumba nzima, likagongwagongwa na ndala, ili sote tupone hata tusioumwa. Nilikuwa nimekunywa siku tatu. Nikaimwaga bidoni ile uani mbele yake, nikatapika hapohapo, na tukagombana kama hatujawahi.

"Mama, ni mende! Ni mende na maji!"

"Basi kama ni maji, juu ya nini unatapika?"

"Juu ya pumuzi yako! Rudia pompe."

"Ile pompe mi nimeivuta miaka, na ugonjwa iko palepale. Prefe anasema ile ni kufunika sufuria. Yeye anazima moto."

"Prefe si docteur."

"We mwenyewe njo ulisemaka: kama si Prefe, singejua kitu."

Nilikuwa nimesema hivyo kweli, harusini kwangu, mbele ya watu, na kipaza sauti mkononi.

Nikaenda kwake. Sikukaa. Nikamwambia kwamba Mama anaweza kufa, kwamba pumu haingoji tone, kwamba anirudishie neno lile moja tu: amwambie avute pompe, na matone anywe akipenda, hata ndoo. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyowasikiliza wote. Kisha akaniuliza kama siku hizi nalala vizuri. Nikamwambia, Prefe, glasi ya sita. Wino iko wapi? Akashusha macho kidogo tu, akavua kiatu, akaanza kugonga.

Mvua kubwa ya mwaka ule ilipoanza, Mama alizidiwa mchana, mdomo umekuwa wa majivu, mbavu zinaingia ndani. Majirani walikuwa wakimtilia matone, tone baada ya tone, nilipofika na pikipiki. Tulimweka katikati, mimi na dereva, tukamkimbiza kituoni. Sindano, oksijeni, mvuke. Saa mbili nzima nilikuwa nimemshika. Alipoweza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kama si matone, mungenikuta nimekufa." Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jengo pale tunapochoma takataka, nikapiga teke ukuta kama mtoto.

Ni pale pale, nyuma ya jengo, wiki chache baadaye, saa za alasiri, nilipomkuta Prefe.

Alikuwa amesimama ameshika ukuta, shati jeupe limelowa mgongoni. Nilimsikia kabla sijamwona. Sauti ile naijua: ni ya Mama. Filimbi ndani ya kifua, na mabega yanapanda kutafuta hewa. Mkononi alikuwa na pompe ya buluu, tupu, ya zamani, plastiki imechakaa mahali pa kidole.

"Sifa," akasema, akipumzika kila baada ya neno, "barabara... ya Fizi... imefungwa."

Nilihitaji muda kidogo kuelewa. Kumbe majani ya mlimani yalikuwa hayo. Kumbe kila mwezi alipanda kwenda kwenye duka la dawa ambako hakuna anayemjua vizuri, akanunua pompe, akashuka nayo mfukoni, majani juu yake.

"Tangu lini?"

"Tangu mutoto."

Waswahili wamesema mganga hajigangi, na kila mara husemwa kwa kumwonea huruma mganga. Sikuwa na huruma. Na niliwaza, Mungu anisamehe, nimwache asimame palepale hadi ajue kile alichokijua Mama. Nilisimama nikiwaza hivyo, labda kwa muda wa pumzi tano zake. Kisha nikaona aibu, nikaingia ndani, nikaleta pompe mpya niliyokuwa nimemwekea Mama, nikamvutisha mara mbili. Rangi ikamrudia kidogo.

"Ulimwambia mama yangu achague."

Akaitia pompe mpya mfukoni.

"Basi utakuja kwake. Sasa. Utavuta mbele yake, aone na macho yake. Hutasema neno lolote kama hutaki. Vuta tu."

"Nitakuja," akasema. Nikaona anakubali kweli, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne nikamheshimu.

Nyumba yetu si mbali, lakini njia inapanda mchangani na kupita kwa wanawake wanaobanika samaki, na moshi siku hiyo ulikuwa umelala chini. Tulipofika mlangoni kifua chake kilikuwa kimefunga tena. Mama alimwona hali ile, akaruka na kumletea kiti chenye mgongo, kile cha wageni.

"Yesu! Prefe! Ni nini?"

"Mama Sifa," akasema, "mi... niko na ugonjwa... sawa yako."

Akatoa pompe mfukoni. Akaitikisa. Akaiweka mdomoni mbele ya macho ya Mama, akavuta mara mbili, vizuri kabisa, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, akashika pumzi. Nilimtazama Mama. Niliona uso wake unafunguka, na nikadhani tumefika. Machozi yalikuwa yananilenga.

Mama akanigeukia mimi.

"Njo we umemupatia ile kintu? Unaharibu mpaka bazee?"

Akaingia chumbani. Akarudi na kichupa chake. Akamwinamia Prefe, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto wa chanjo.

"Prefe, usipoteze imani. Kunywa ya kwangu. Fungua kinywa."

Prefe alinitazama. Kifua bado kilikuwa kinapiga filimbi. Pompe inahitaji dakika chache kufungua, hilo mimi nalijua na yeye alilijua. Mama hakulijua. Akafungua kinywa. Matone matatu ya mende yakaingia. Mama akavuta kigoda, akakaa, akamshika mkono na kuanza kuomba kwa sauti ya chini, kwa Kibembe. Tulingoja. Nje watoto walikuwa wanasukumana. Filimbi ikapungua. Mabega yakashuka. Baada ya muda Prefe alikuwa anapumua kama mimi na wewe.

"Umeona?" Mama akaniambia. Uso wake uling'aa kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Umeona na macho yako? Imeshika."

"Prefe," nikasema. "Mwambie."

Hewa alikuwa nayo. Sauti alikuwa nayo, ileile ya darasa la nne. Alikifunga kichupa, akafuta kizibo kwa leso yake, akamrudishia Mama kwa mikono miwili.

"Aksanti sana, mama," akasema.

Mama hakuigusa pompe tena. Tulimzika kabla mvua haijakwisha. Prefe alifika mazishini mapema kuliko wote, shati jeupe, akaketi mstari wa mbele, akaanzisha wimbo, akaushika mrefu, beti zote, bila kukatika pumzi.